ALAN BLUMLEIN NA RADARI YA KUBEBA



Katika kurasa hizi za maisha ya watu wakubwa, mara nyingi tunaeleza habari za wale ambao majina yao yako katika kila kitabu cha masomo: Pasteur, Edison, Marie Curie. Mara hii tumechagua Mwingereza mmoja ambaye mainjenyeri wa elektronike wanamheshimu katika dunia nzima, lakini katika kalasi zetu jina lake halitajwi. Ni Alan Dower Blumlein. Alizaliwa mwaka 1903, akafa mwaka 1942 katika ajali ya ndege, mbele ya kutimiza miaka 39. Tumemchagua kwa sababu wale wa fizike wamefika kwenye somo la mawimbi, na wengi wanauliza: radari ni kitu gani kweli, tena namna gani mashini kubwa kama ile iliweza kupunguzwa mpaka ndege ikaibeba, na leo hata mtu mmoja anaibeba kwa mkono? Tunaona kama maisha ya Blumlein yanajibu ulizo hili vizuri kuliko kaye zetu.

Alizaliwa London, mtaa wa Hampstead, tarehe 29 mwezi wa 6. Baba yake, Semmy Blumlein, alikuwa injenyeri wa madini, mzaliwa wa Ujerumani aliyepata uraia wa Uingereza. Mama yake, Jessie Dower, alikuwa binti wa mmisionere William Dower, aliyetumwa Afrika ya Kusini na London Missionary Society na kufanya kazi kati ya Wagriqua pale Kokstad. Ni misioni ile ile ambayo watu wake walifika Ujiji, ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, mwaka 1878. Basi kijana huyu alikuwa Mwingereza kamili, lakini upande wa baba ukoo wake ulitoka Ujerumani. Msomaji aweke neno hili katika kichwa, tutalirudilia.

Wanasimulia kama alipokuwa na miaka 7, kengele ya mlango wa nyumba yao iliharibika. Mtoto akaitengeneza. Kisha akamletea baba yake fakture ya kazi, imeandikwa kwa utaratibu, na chini ametia sahihi na kujiita injenyeri wa umeme. Fakture ikalipwa. Lakini mtoto huyo huyo, kwa kusoma alikuwa nyuma sana: dada yake alieleza kama Alan hakujua kusoma vizuri mpaka miaka 12. Yeye mwenyewe hakukataa, alijitetea tu kwamba wakati ule alijua tayari equation za daraja la pili. Hatuandiki jambo hili kwa kuwafurahisha wale wanaokimbia vitabu. Tunaliandika kwa sababu ni la kweli, na kwa sababu walimu wengine wanapenda kupima akili ya mtoto kwa kipimo kimoja tu.

Alisoma Highgate School mpaka 1921, halafu akaingia City and Guilds College, pale pale London, moja kwa moja mwaka wa pili. Mwaka 1923 akapata diploma na alama za juu kabisa. Alikuwa na miaka 20.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya telefone. Katika waya ndefu za telefone, mazungumzo ya watu wawili yalikuwa yanaingia katika mazungumzo ya watu wengine, na sauti ilikuwa inadhoofika njiani. Blumlein akatengeneza bobine zilizopunguza mambo yote mawili. Mwaka 1929 aliacha kazi hiyo, akaenda kufanya sahani za muziki kwa Columbia Graphophone, chini ya mkubwa mmoja mzaliwa wa Urusi, Isaac Shoenberg. Mwaka 1931 Columbia iliungana na Gramophone Company, ikawa EMI, na laboratwari zao zilikuwa Hayes, magharibi ya London. Pale Blumlein alibaki mpaka kifo.

Mwaka ule wa 1931 alikwenda sinema pamoja na Doreen Lane, mwalimu wa watoto wadogo, ambaye alimwoa mwaka 1933. Akachukizwa na jambo ambalo sisi sote tunaliona bila kulisema: mtu katika filme anatembea upande wa kushoto, lakini sauti yake inatoka upande mwingine, pale walipoweka opareri. Wengine wangerudi nyumbani na kulala. Yeye akarudi kutafuta dawa. Tarehe 14 mwezi wa 12, 1931, aliomba hati ya uvumbuzi, ile tunaita breve, kwa kuchukua sauti kwa mikro mbili na kuitoa kwa opareri mbili. Breve ile, nambari 394325, ina madai 70. Kila redio yenye opareri mbili, stereo, ambayo vijana wanabeba begani, inatoka katika karatasi ile. Kisha televizio: Blumlein alikuwa kati ya wale waliotengeneza televizio ya mistari 405 ambayo BBC ilianza kutumia tarehe 2 mwezi wa 11, 1936. Kwa jumla alipata breve 128. Tungeweza kujaza gazeti hili lote kwa mambo ya sauti na televizio, lakini tupite. Televizio tunaitaja kwa sababu moja. Mtu wa televizio lazima ajue kukata umeme katika vipande vidogo sana vya wakati, vipande vya milioni katika segonde moja. Na vita ilipofika, kazi hii ndiyo ilitafutwa.

Sasa tuje kwenye radari.

Wengi wetu tumelelewa karibu na milima. Mtoto akisimama mbele ya mlima na kupiga kelele, sauti inarudi. Akihesabu wakati uliopita mpaka sauti kurudi, anaweza kujua mlima uko mbali namna gani. Radari inafanya vile vile, lakini kwa mawimbi ya radio, ambayo yanakimbia kilometre 300 000 kwa segonde moja. Mashini inatuma mlio mfupi, inanyamaza, inasikiliza. Ikiwa kuna ndege mbele, sehemu ndogo ya mawimbi inagonga mwili wa ndege na kurudi.

Mbele ya vita, Waingereza walijenga radari za namna hiyo kandokando ya bahari. Milingoti yake ya chuma ilikuwa na urefu wa metre karibu 110. Ziliweza kuona ndege za Ujerumani zingali mbali sana, na mchana ile ilitosha: mtu wa chini anamwambia rubani kwa radio aende upande gani, rubani akikaribia anaona adui kwa macho. Usiku haikutosha. Kuanzia mwezi wa 9, 1940, Wajerumani walitupa mabomu London usiku kwa usiku, na rubani wa Uingereza aliyepelekwa mpaka kilometre chache karibu na adui hakuona kitu. Giza tu. Ilihitajika radari ndogo, ya kuingia ndani ya ndege yenyewe, pamoja na antene zake na umeme wake.

Na hapa kuna jambo ambalo mtu asiyefikiri sana atalishangaa. Kwa radari, kuona mbali si shida peke yake. Kuona karibu ni shida pia, na wakati ule ndiyo iliyowasumbua zaidi. Juu ya nini? Fanyeni hesabu. Katika sehemu moja ya milioni ya segonde, wimbi linakimbia metre 300, ni kusema metre 150 za kwenda na metre 150 za kurudi. Kama mlio wa mashini unadumu sehemu moja ya milioni ya segonde, basi kitu kilicho karibu kuliko metre 150 kinarudisha jibu lake wakati mashini ingali inapiga kelele. Haiwezi kusikia. Ni sawa na mtu anayeongea bila kupumzika, jirani anamjibu lakini yeye hasikii. Tena ilikuwa mbaya kuliko hesabu: zile mashini za kwanza hazikujua kunyamaza mara moja. Mlio ulikwisha polepole, kama ngoma inayoendelea kutetemeka nyuma ya fimbo kuondoka. Kwa hiyo radari za kwanza za ndege zilipoteza adui zikifika karibu naye kama metre 300, na kwa usiku wenye giza rubani hamwoni mtu kwa umbali ule. Mashini inamwongoza mpaka mlangoni, halafu inamwacha pale, hana macho wala masikio.

Wataalamu wa serikali walibishana sana juu ya jambo hili. Kule Hayes, Blumlein na wenzake wa EMI walilishika kwa namna waliyozoea katika televizio. Blumlein hakupenda kujaribu-jaribu mpaka kitu kikubali. Alitaka hesabu ifanywe kwanza kwenye karatasi, kila sehemu ijulikane itafanya nini, kisha mashini ijengwe, na ikijengwa itende sawa na karatasi. Walitengeneza kifaa cha kuwasha na kukata mlio kwa nguvu na kwa usafi: unaanza ghafula, unakwisha ghafula. Radari iliyopata kifaa hicho, iliyoitwa A.I. Mark IV, iliweza kumfuata adui mpaka kama metre 120. Kwa umbali huo rubani anaona kivuli cheusi mbele yake, anaona hata moto mdogo wa moteri.

Usiku wa tarehe 19 kuingia 20 mwezi wa 11, 1940, rubani John Cunningham, katika ndege aina ya Beaufighter yenye radari hiyo, alimwangusha adui. Kufika mwezi wa 5 wa 1941, ndege za Ujerumani zilizoangushwa usiku zilikuwa nyingi sana kuliko mwanzo. Magazeti ya Uingereza yalimsifu Cunningham kwa macho yake makali, na watu wakasimulia kama alikula karoti nyingi. Ilikuwa hadithi ya kuficha radari. Tunajua wamama wengine wanaorudilia hadithi hii ya karoti mpaka leo mezani. Wasikasirike, karoti ni chakula kizuri.

Lakini A.I. Mark IV ilikuwa na ubaya mwingine. Mawimbi yake yalikuwa na urefu wa metre 1 na nusu, na antene ndogo ya ndege haiwezi kuyakusanya yaende upande mmoja kama tochi. Yalitawanyika kama mwanga wa taa ya mafuta katika nyumba, mbele, pembeni, na chini. Ardhi ya chini ikajibu kwa nguvu kuliko ndege ya adui. Kama ndege iko juu metre 4 000, kila kitu kinachopita umbali wa metre 4 000 kinafunikwa na kelele ya ardhi. Ili kupata tochi, ilihitajika mawimbi mafupi ya santimetre chache, na tena yenye nguvu. Jibu lilitoka Birmingham, katika universite, tarehe 21 mwezi wa 2, 1940, wakati John Randall na Harry Boot walipowasha kwa mara ya kwanza magnetroni yao: kipande cha shaba chenye matundu, mtu anakishika katika mkono mmoja, nacho kinatoa mawimbi ya santimetre karibu 10 na nguvu ambayo kifaa kingine hakikuweza.

Hapo wazo likageuka. Wataalamu waliona kama ile kelele ya ardhi iliyowasumbua, wakiishika kwa tochi nyembamba, inaweza kuwa picha. Ardhi haijibu sawasawa fasi zote. Maji ya ziwa au ya mto yanatupa mawimbi mbele kama kioo, hakuna kinachorudi, basi yanaonekana meusi. Mashamba na pori yanarudisha kidogo. Nyumba za mji, zenye kuta na pembe, zinarudisha sana, basi mji unang'aa. Wakaweka antene chini ya tumbo la ndege kubwa, ndani ya kifuniko, ikizunguka bila kusimama. Ndani ya ndege kuna kioo cha duara kama cha televizio, na mstari wa mwanga unazunguka pamoja na antene. Kila jibu linalorudi linawasha nukta kwenye mstari. Mstari ukimaliza kuzunguka, mtu anaona ramani ya nchi iliyo chini yake, katika giza na hata juu ya mawingu. Mashini hii ikaitwa H2S. Kwa maoni yetu, hapa ndipo radari ilipoacha kuwa sikio tu, ikawa jicho.

Laboratwari ya serikali iliyoongoza kazi hiyo ilihamia Malvern mwezi wa 5, 1942, na kundi la H2S lilikuwa chini ya Bernard Lovell, kijana wa miaka 28. EMI ilipewa kazi ya kuitengeneza kwa wingi, na Blumlein ndiye aliyekuwa kichwa cha kazi kwa upande wao. Kulikuwa na mabishano makubwa. Wakubwa wengine waliogopa kupeleka magnetroni juu ya Ujerumani, kwa sababu ni shaba nzito isiyoharibika upesi: ndege ikianguka, adui ataiokota na kujua siri yote. Kwa hiyo EMI walikuwa wanajaribu pia lampi nyingine, klistroni, isiyokuwa siri kama hiyo lakini yenye nguvu kidogo. Kuamua kulihitaji kuona. Kwa hiyo Blumlein na wenzake wawili wa EMI, Cecil Browne na Frank Blythen, walisafiri kwenda kuona kwa macho yao namna magnetroni inavyochora picha.

Blumlein alipenda ndege. Aliwahi kujifunza mwenyewe kurusha zile ndege ndogo za uwanja wa Stag Lane. Siku ya Yenga, tarehe 7 mwezi wa 6, 1942, walipanda katika Halifax nambari V9977 kwenye uwanja wa Defford. Walikuwa watu 11 ndani: watu wa jeshi la anga, watu wa laboratwari ya Malvern, na wale 3 wa EMI.

Saa chache mbele ya safari, fundi mmoja alipima moteri ya mwisho ya upande wa kuume. Katika moteri ile kuna ekru ndogo zinazoshika mahali pa valve, kila moja lazima ikazwe. Moja haikukazwa vizuri. Ndege iliruka vizuri, picha ilionekana, na muda ule wote ekru ilikuwa inalegea kidogo-kidogo. Valve ikapoteza kipimo chake, pistoni ikaigonga, ikavunjika. Moto ukaingia pale ambapo petroli inapita. Moto haukuzimika. Ulitembea katika bawa mpaka katika mwili wa ndege. Rubani alitafuta mahali pa kutua, akashuka karibu sana na ardhi, na pale, juu metre kama 100 tu, kipande cha bawa kikakatika. Ndege ikapinduka na kuanguka karibu na Welsh Bicknor, katika eneo la Herefordshire, mahali mto Wye unapopinda. Wote 11 wakafa. Blumlein alibakiza siku 22 kutimiza miaka 39. Aliacha mke na watoto wawili wanaume.

Lovell alifika mahali pale kutafuta katika mabaki kile chombo cha siri, kisibaki kwa mikono ya watu wasiohusika. Tunapofikiri jambo hilo tunaona ugumu wake: wenzako wamekufa pale, nawe umetumwa kutafuta shaba katika majivu.

Kisha kimya. Namna Blumlein alivyokufa na kazi aliyokuwa anaifanya havikutangazwa, kwa sababu Ujerumani ikijua kama mainjenyeri wa EMI wamekufa ndani ya ndege ya majaribio, itauliza walikuwa wanajaribu nini. Uchunguzi ulifanyika, mashauri mapya juu ya kupima moteri na kuzima moto katika ndege yakatumwa kwa jeshi la anga, lakini raia hawakusoma kitu. Mtu mwenye breve 128 aliondoka bila sifa za waziwazi zinazofaa kazi yake. Hata kitabu kamili cha maisha yake hakikutoka mpaka mwaka 1999.

Wakati watu walikuwa wangali wanalia, kazi ilizidi kuharakishwa. Waziri mkuu Churchill alilishika jambo lenyewe, na katika mwezi wa 7 wa 1942 ikakubaliwa kama H2S itatumia magnetroni. Usiku wa tarehe 30 mwezi wa 1, 1943, ilitumiwa kwa mara ya kwanza, juu ya Hamburg. Siku chache tu nyuma yake, ndege moja iliyobeba mashini hiyo ikaanguka karibu na Rotterdam, na Wajerumani wakaokota magnetroni. Wale walioogopa hawakukosea.

Hatuwezi kupita jambo la Hamburg kama hatukuliona. Mji ule uko kando ya mto Elbe, wenye bandari kubwa. Kwenye kioo cha H2S maji meusi na nyumba zinazong'aa vinaonekana vizuri sana. Mwezi wa 7, 1943, mabomu yalirudi pale usiku nyingi, na katika usiku mmoja moto wa nyumba uliungana ukawa dhoruba. Watu zaidi ya 30 000 walikufa katika siku zile, wengi wao raia, wazee, wamama na watoto. Hapa ndipo tunarudilia neno la mwanzo: baba wa Blumlein alizaliwa katika nchi ile. Blumlein hakufika kuona siku ile, wala hatuna haki ya kumtilia maneno katika kinywa. Mashini zake za 1940 ziliokoa watu wa London usiku. Ile ya 1942 iliongoza mabomu. Na mashini ile ile ya santimetre 10, ikigeuzwa kidogo na kuelekezwa baharini kuanzia mwezi wa 3, 1943, ilitafuta manowari za Ujerumani zilizozamisha meli na mabaharia. Katika mazungumzo yetu ya jioni wandugu waligawanyika juu ya jambo hili, na hatukumaliza.

Tuseme pia habari za leo, kwa sababu wengine wataona kama haya ni mambo ya wazee. Radari inayochora picha ya ardhi siku hizi iko katika satelite. Haizuiliwi na mawingu wala usiku, ndiyo maana miaka ya 1990 satelite ya Wajapani ilichora pori lote la bonde la Kongo, ambalo mawingu yanaficha karibu mwaka mzima. Nyiragongo ulipotoa moto tarehe 22 mwezi wa 5, 2021, wataalamu walilinganisha picha za radari za mbele na za nyuma, wakaona namna ardhi ya Goma ilivyosogea na kupasuka. Na upande wa udogo, radari imeshuka mpaka mkononi mwa mtu. Katika Cambodia, watu wanaotoa mabomu yaliyozikwa ardhini wametumia kifaa cha mkono kinachounganisha kipima-chuma na radari, ili kutofautisha bomu na msumari wa kutu. Angalieni umbali wake: si metre 120, ni santimetre tu. Mlio lazima upimwe kwa sehemu za segonde iliyogawanywa mara milioni elfu, na uso wa ardhi unajibu kwanza kwa nguvu, tayari kufunika jibu la kile kilichozikwa chini yake. Ni shida ile ile ya Hayes ya mwaka 1940, imepunguzwa tu. Hata namna moja ya kukusanya umeme katika waya mbili na kuutoa kwa mpigo mmoja mfupi, ambayo Blumlein aliandikia breve wakati wa vita, ingali inaitwa kwa jina lake katika laboratwari za laseri na za radari.

Kumbukumbu zake ni chache. Mwaka 1977 mji wa London uliweka kibao cha buluu kwenye nyumba yake ya Ealing. Mwaka 1992, katika kanisa dogo la ngome ya Goodrich, karibu na mahali ndege ilipoanguka, waliweka dirisha la vioo vya rangi kwa ukumbusho wa wale waliokufa katika ndege za majaribio ya radari. Na mwaka 2017 watu wa muziki wa Marekani walimpa zawadi yao ya Grammy ya ufundi, miaka 75 nyuma ya kifo chake. Hiyo ilikuwa kwa ajili ya opareri mbili, si kwa ajili ya radari.